Kufuata treni za mvuke msimu wa majani kupukutika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Septemba maswali ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa kwa mafungu, ya wanaoanza yakitangulia na ya wakongwe yakija mwishoni. Unaweza kuruka lolote isipokuwa la umbali wa kusimama kutoka relini.

## Kwa anayeanza

"Kufuata treni" maana yake nini? Si bora nikate tiketi nipande?

Kupanda kuna raha yake, lakini aliyemo ndani ya behewa haioni injini. Anasikia mlio, ananusa moshi, na kwenye kona kali anaiona pua yake ikichungulia kwa sekunde chache. Anayefuata yuko nje. Anasimama mahali alipopachagua, treni inampita, anaingia garini, anakwenda kuisubiri mbele.

Wengi wetu hufanya yote mawili: siku ya kwanza kupanda, siku ya pili kufuata. Hiyo siku ya kupanda ni ya upelelezi. Kaa dirishani na daftari, andika wapi injini ilianza kuhema, wapi barabara ilisogea karibu na reli, wapi uliona watu wamesimama na kamera. Hao waliosimama kwa kawaida wanajua kitu.

Kwa nini msimu huu na si kiangazi?

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Nazungumzia Septemba hadi Novemba katika nchi za kaskazini, majani yanapogeuka manjano na nyekundu kisha kupukutika. Kamusi hupaita hapo vuli, ila kwa wengi wetu vuli ni mvua fupi, na nimeshaulizwa kama treni hizi hutembea kwenye matope.

Watu hudhani sababu ni rangi za majani tu. Mimi naona hewa baridi ndiyo hasa. Mvuke wenyewe hauonekani kwa macho. Lile wingu jeupe ni matone madogo ya maji yanayotokea mvuke unapopoa kwa kukutana na hewa ya nje. Tazama birika linalochemka: kati ya mdomo wake na pale wingu linapoanza kuna nafasi tupu ya kama sentimita moja au mbili. Mvuke wa kweli uko kwenye ile nafasi tupu. Siku ya joto na hewa kavu matone hukauka upesi, na injini inapita kama haijawashwa. Asubuhi ya nyuzi 3 injini ileile huacha wingu linaloning'inia juu ya mabehewa yote mpaka treni imeshapotea.

Halafu kuna jua. Msimu huu halipandi juu sana, kwa hiyo mwanga huja kwa ubavu na kuingia chini ya injini, kwenye magurudumu na mikono ya chuma inayoyazungusha. Kiangazi saa sita mchana sehemu hiyo yote huwa giza tupu.

Injini hizi ni za kweli, au ni dizeli iliyovalishwa sura ya zamani?

Ni za kweli. Flying Scotsman ya Uingereza ilitoka kiwandani Doncaster mwaka 1923. Namba 611 ya Norfolk & Western ilijengwa Roanoke, Virginia, mwaka 1950, wakati kampuni nyingine za Marekani zilikuwa zikikimbilia dizeli. Big Boy namba 4014 ya Union Pacific ni ya 1941, moja kati ya 25 zilizojengwa. Ilikaa kwenye makumbusho California kwa miongo kadhaa kabla ya kurudi njiani mwaka 2019.

Kukarabati si kupaka rangi. Boila, yaani tangi la kuchemshia maji, hufunguliwa, mabomba ya ndani hutolewa, unene wa chuma hupimwa kila sehemu. Sheria ya Marekani inataka ukaguzi huo mkubwa ufanyike kila baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, lolote litakalotangulia. Uingereza, cheti cha boila kwa kawaida ni cha miaka 10. Ndiyo maana injini uliyoipenda mwaka huu inaweza kufungwa karakana mwakani na usiione tena kwa miaka.

Namba kama 4-8-4 zinasema nini?

Ni hesabu ya magurudumu kutoka mbele kwenda nyuma: ya kuongoza, ya kusukuma, ya kubeba. 4-8-4 ina manne, manane, manne. Big Boy ni 4-8-8-4, yaani ina seti mbili za magurudumu ya kusukuma.

## Kupanga siku

Nitajuaje treni itapita lini?

Anza na ratiba ya waendeshaji wenyewe. Reli za utalii hutangaza tarehe za msimu wa majani miezi mingi kabla, maana tiketi zake ndizo zinazoisha mapema. Union Pacific huweka ramani mtandaoni inayoonyesha injini yake ya mvuke ilipo. Uingereza, ratiba za kina za treni maalumu kwenye njia kuu huonekana hadharani, hadi dakika ya kupita stesheni ndogo.

Ratiba ichukue kama nia ya treni tu. Kwenye njia kuu treni ya mizigo inaweza kupewa nafasi kwanza, na saa nzima ikapotea. Kwenye reli ndogo ya utalii yenye treni moja mlimani, ratiba huaminika zaidi.

Nianze na njia gani?

Anza na njia fupi, yenye mwinuko, treni ya mwendo mdogo na barabara ya lami inayoifuata. Hizo sifa nne zinasamehe makosa.

Kati ya ninazozipendekeza, ya kwanza ni Cumbres & Toltec, mpakani mwa Colorado na New Mexico. Ni reli nyembamba, yenye nafasi ya futi tatu tu kati ya vyuma vyake viwili, urefu wa maili 64, karibu kilomita 103. Kutoka Chama kwenda Cumbres Pass, kwenye mita 3,053, reli hupanda kiasi cha mita 4 kwa kila 100, na barabara kuu iko jirani karibu safari nzima ya kupanda. Treni inatembea polepole kiasi kwamba unaifikia bila kukanyaga mafuta. Miti ya aspeni huko huwa dhahabu mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba.

Ya pili ni Western Maryland Scenic, maili 16 kutoka Cumberland hadi Frostburg. Injini yake namba 1309 ni ya mwisho ambayo kiwanda cha Baldwin kiliijengea reli ya ndani ya Marekani, mwaka 1949, na ilirudi kazini mwishoni mwa 2021. Faida yake nyingine ni njia ya baiskeli iitwayo Great Allegheny Passage inayokwenda sambamba na reli, kwa hiyo una mahali halali pa kusimama kwa miguu.

Uingereza watu hukimbilia Glenfinnan, daraja la matao 21 huko Scotland. Ni zuri, sikatai, ila utasimama bega kwa bega na umati. Mimi ningekwenda njia ya Settle hadi Carlisle: Ribblehead ina matao 24, na mpando wa kuelekea huko kutoka Settle ni mrefu mpaka waendesha treni wa zamani waliubatiza jina la mkokoto mrefu.

Nipange kusimama sehemu ngapi?

Tatu. Nne kama njia ni ya polepole kama Cumbres. Anayeanza hujipangia nane.

Mwaka wangu wa kwanza nilijipangia tisa. Nilizichora kwenye ramani kwa kalamu nyekundu, kila moja na dakika zake. Ya kwanza nilifika nikiwa bado nafungua begi la kamera, treni ikapita. Ya pili sikupata pa kuegesha. Ya tatu nilikuta lori limeegeshwa kati yangu na reli. Kufikia ya tano sikuwa nafuata treni tena, nilikuwa nafuata ramani, na jioni nilibaki na picha moja iliyo safi: mgongo wa behewa la mwisho.

Kanuni ninayoitumia sasa ni hii: fika kila mahali nusu saa kabla, na mahali ambapo hesabu hairuhusu nusu saa, pafute. Hiyo nusu saa si ya kupoteza. Ndipo unapogundua kwamba kuna waya wa umeme ulioukata mlima katikati, au kwamba hatua kumi kushoto kuna mti mmoja mwekundu ulioinamia reli.

Nitalitambuaje eneo zuri kabla ya kufika?

Tafuta mwinuko. Injini inayopanda hufanya kazi, hivyo hutoa moshi, mvuke na sauti. Injini ileile ikishuka huwa imefungiwa mvuke, inateleza kimya. Eneo zuri kuliko yote upande wa kushuka bado litakupa picha ya chuma kinachopita. Ramani yenye mistari ya miinuko itakuonyesha, na jina la mahali pia husaidia: penye neno la mlima, kilele au kipito, reli ilipanda kufika hapo.

Baada ya mwinuko angalia jua. Kaskazini mwa dunia jua hupita upande wa kusini, kwa hiyo simama kusini mwa reli upate ubavu uliowaka. Kona inayopinda kuelekea kwako ni bora kuliko reli iliyonyooka, kwa sababu injini na mabehewa yote yataonekana pamoja.

Mwisho, jiulize utatokaje. Kichochoro chenye njia moja na magari arobaini kitakufungia mpaka treni imeshafika mwisho wa safari.

Saa zinarudishwa nyuma lini?

Uingereza na Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Baada ya hapo treni ya alasiri huenda ikakufikia gizani. Na kama mwenzako anasoma saa kwa Kiswahili, hakikisheni mmeelewana: nimeona watu wakikosa treni ya 9:00 asubuhi kwa sababu mmoja aliandika "saa 9" kwenye ujumbe.

## Barabarani

Naweza kuendesha sambamba na treni huku nachukua video?

Dereva hapana. Abiria wake anaweza, dirisha likiwa wazi na kiwiliwili kikiwa ndani. Kutembea kilomita 50 kwa saa katika barabara ya 90 ili ulingane na injini ni kuwatega walio nyuma yako, na wengi wao hawana habari na treni. Usisimame ghafla, usiegeshe kwenye kona, na usisimame juu ya makutano ya reli na barabara hata kama foleni imekukuta hapo. Subiri kabla ya reli mpaka ng'ambo yake ipatikane nafasi ya gari zima.

Treni imenitangulia. Nitaikuta tena?

Mara nyingi ndiyo, kwa sababu ya kiu. Injini kubwa humeza makumi ya maelfu ya lita za maji kwa siku, na inabidi isimame kujazwa, iwe kwa mnara wa zamani, bomba la zimamoto au lori la maji. Kituo hicho hutajwa kwenye ratiba. Usikimbizane nayo kwa kasi. Ruka eneo moja, nenda moja kwa moja mbele ya kituo cha maji.

Sikio nalo husaidia. Marekani treni inayokaribia makutano ya barabara hupiga honi ndefu, ndefu, fupi, ndefu. Ukisikia mpangilio huo bondeni na unajua makutano yako wapi, umejua treni iko wapi.

## Usalama na adabu

Nisimame umbali gani kutoka relini?

Union Pacific huwataka watazamaji wakae angalau futi 25, karibu mita 8. Ichukue hiyo kama kiwango cha chini popote ulipo, hata pasipokuwa na kibao.

Sababu ya kwanza ni upana. Kati ya reli mbili za kipimo cha kawaida kuna mita 1.435, lakini gari la treni la Marekani linaweza kuwa na zaidi ya mita 3. Yaani karibu mita nzima inatokeza kila upande. Sababu ya pili ni kwamba injini ya mvuke hutema: maji ya moto kutoka kwenye silinda, mvuke wa pembeni, makaa mekundu kutoka kwenye bomba. Sababu ya tatu ni treni nyingine. Macho ya watu wote yako kwenye moshi kule, na kwenye reli ya pili inakuja dizeli kimya kwa kasi.

Ukivuka mpaka, safari nzima inaweza kusimama. Februari 2016 Flying Scotsman iliporudi kwa fahari kutoka London kwenda York, ilizuiwa njiani kwa sababu watu walikuwa wameingia relini.

Shamba halina uzio. Naweza kuingia?

Halina uzio lakini lina mwenyewe. Gonga mlango, salimia, omba. Nimekataliwa mara mbili tu, na mara moja nililetewa kiti. Helmstetter's Curve, ile kona maarufu ya Western Maryland, imezungukwa na shamba la watu. Ukikanyaga mazao pale unawafungia wenzako mlango.

Na droni?

Marekani na Uingereza ukomo wa kawaida ni takriban mita 120 kutoka ardhini, na droni lazima uione kwa macho. Juu ya mali ya reli kampuni nyingi hazitaki kabisa bila kibali. Ongeza na hili: mlio wa droni unaharibu rekodi ya kila mwenye maikrofoni aliye karibu.

## Picha na sauti

Nitumie mipangilio gani ya kamera?

Kusimamisha mwendo, kasi ya shata 1/500 ya sekunde au zaidi. Kufuatisha injini kwa kamera ili magurudumu yaonekane yanazunguka, jaribu 1/60 kushuka hadi 1/30, na ukubali kutupa tisa kati ya kumi. Tatizo kubwa ni mwanga: injini nyeusi, wingu jeupe, fremu moja. Kamera ikiachiwa iamue, hung'arisha injini na kulifuta wingu. Punguza mwanga kidogo. Weusi unaweza kuuinua baadaye, weupe ulioungua haurudi.

Lenga mapema kwenye kipande cha reli ambapo unataka injini iwe, kisha usiguse.

Moshi mweusi au mweupe, upi mzuri?

Mweusi ni makaa ambayo hayakuungua yote. Kwa mchochea moto hodari ni fedheha kidogo, ila kwenye safari za wapiga picha hutolewa makusudi kwa sababu watu wanaupenda. Mweupe ni mvuke (tazama swali la kwa nini msimu huu). Ninachotafuta mimi ni kijivu chepesi chenye meupe yanayobiringika: dalili kwamba boila limeshiba na injini inavuta kwa raha.

Nawezaje kurekodi sauti bila kupata upepo tu?

Funika maikrofoni kwa sifongo au manyoya, iweke chini mbali na watu, washa dakika kumi kabla, usizungumze. Simu ya mkononi hurekodi vizuri kuliko watu wanavyodhani, mradi usiishike.

Injini ya silinda mbili hupiga pumzi nne, ile milio ya mvuke ukitoka kwa nguvu kwenye bomba, kwa kila mzunguko wa gurudumu. Gurudumu la 611 lina kipenyo cha inchi 70, hivyo mzunguko mmoja ni mita 5.6. Kwa kilomita 15 kwa saa utasikia pumzi tatu kila sekunde, unazihesabu kwa kidole. Kwa kilomita 60 ni kumi na mbili, na sikio linazikusanya kuwa ngurumo moja. Flying Scotsman ina silinda tatu, hivyo pumzi sita, mlio wake ni laini zaidi. Ya 1309 ina seti mbili za magurudumu zisizofungamana, na ndiyo burudani: zinaanza pamoja, zinapishana, zinagombana, kisha zinapatana tena.

## Maswali ya wakongwe

Mbona kuna dizeli nyuma ya injini? Tumedanganywa?

Hapana. Dizeli hutoa umeme wa mabehewa, husaidia kuzuia mwendo kwenye miteremko, na huvuta treni nyumbani kama injini ya zamani imeharibika. Kama inakukera pichani, simama mahali ambapo kona au miti itaificha.

Injini ilisimama mlimani ikazungusha magurudumu bila kwenda. Imeharibika?

Yaelekea ni majani. Majani yaliyoanguka relini, yakisagwa na magurudumu siku ya unyevu, huwa utando mgumu unaoteleza kama sabuni. Dereva hupunguza mvuke na kumwaga mchanga mkavu mbele ya magurudumu, halafu hujaribu tena. Nilishuhudia moja ikijaribu mara nne kwenye kona yenye miti pande zote, kila mara ikifoka pumzi za haraka kisha kunyamaza, na ya tano ikashika. Dakika kumi na tano za sauti ambazo hakuna ratiba inayoziahidi.

Nilikwenda, injini haikuwa na harufu ya makaa. Kwa nini?

Nyingine huchoma mafuta. Big Boy 4014 ilibadilishwa wakati wa ukarabati. Reli ya Durango hadi Silverton, Colorado, ilihamisha injini zake kwenye mafuta baada ya moto mkubwa wa msituni jirani na njia hiyo mwaka 2018. Kukiwa na ukame, reli ya makaa inaweza kukuletea dizeli tupu siku hiyo, au kigari kidogo cha kuzima moto kikifuata nyuma ya treni. Piga simu asubuhi kabla ya kuondoka.

Mvua inanyesha. Nibaki kitandani?

Nenda. Hewa yenye unyevu hushikilia wingu, rangi za majani hukolea, na watu ni wachache. Ukungu mzito ndio wa kuogopa: utaisikia treni nzima na usiione.

Nchi za kusini mwa dunia je?

Majani huko hupukutika Machi hadi Mei, na jua hupita kaskazini. Kwa hiyo simama kaskazini mwa reli. Mengine yote ya hapo juu yanabaki vilevile, ikiwemo majani kuteleza.